Nilivyomlilia Mzee Nisiyemjua

Wenzangu wa stoo,

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Mimi ni mtu wa shule ya msingi, na hata hiyo niliimaliza kwa kurukaruka, kwa hiyo herufi zangu hazilingani, na pengine neno moja nimeliandika namna mbili. Claver wetu wa hapa stoo ameuona ukurasa wa kwanza, akasema maandishi yangu yanafanana na watu wanaobeba hema mlimani, kila mmoja anavuta upande wake. Ni kweli. Naandika polepole, na mkono unachoka kuliko ninapobeba viti. Lakini Mzee Saidi aliniambia, "Kabla hujaondoka waandikie wale wapya, maana kwa mdomo hutasema." Hilo nalo ni kweli.

Claver anasema nimestaafu kabla ndevu hazijaota. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu stoo yetu haina vyeo. Kuna Madamu mwenye mali, kuna Mzee Saidi msimamizi, halafu kuna sisi. Nitaandika nilivyoanza, nilivyofundishwa, na jambo lililonitoa.

Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikalelewa na Bibi. Nilikuwa mtoto wa sauti ndogo. Bibi alikuwa akiniambia niongeze sauti hata ninapoomba chumvi. Kanisani alinisukuma mbele niimbe na watoto wenzangu, nami nilifungua mdomo tu bila kutoa kitu. Mambo ya kule yalipoharibika alinituma Kigali kwa mama mdogo, aliyekuwa amepanga chumba Gahanga na kulima mashamba ya watu. Sikukaa sana, simu ikaja. Bibi amefariki, na wameshamzika, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na hakuna aliyeweza kutusubiri. Mama mdogo alilia huko huko shambani. Mimi sikulia. Tangu siku ile nikaacha pia kusali. Niliona kwamba Mungu aliyeshindwa kunifikisha mazishini hana haja ya kusikia habari zangu.

Ndipo mama mdogo akanitafutia kazi ya hema na viti hapo karibu na njia panda ya Sonatubes.

Siku ya kwanza Mzee Saidi alinipa kiti kimoja cha plastiki. Alisema nikiweke nje ya stoo, nikalie. Nikakalia, nikaanguka. Akanipa tena, nikaanguka upande mwingine. Claver alicheka mpaka akashika nguzo. Mzee Saidi hakucheka. Aliokota jiwe bapa, akaliweka chini ya mguu mmoja wa kiti, akasema, "Kigali haina mahali tambarare, kijana. Hapa kiti kinaanza na jiwe."

Kama kuna kitu kimoja mtakachokikumbuka katika barua hii, kiwe hicho. Mengine ni haya. Hema likilowa msilikunje, litanuka mpaka harusi ijayo. Viti vikilowa msivipandanishe, vitashikana. Vigingi vya upande wa juu wa mlima vipigwe kwanza. Gahanga udongo wake ni laini, kigingi kinaingia kama kisu katika parachichi, halafu kinatoka vilevile upepo ukija, kwa hiyo chukueni virefu. Na mkumbuke kwamba viti vya harusi na vya msiba ni vilevile. Kwenye shughuli ya kuposa, familia mbili zinatazamana, basi na viti vinatazamana. Msibani wote wanatazama upande mmoja. Kabla ya kupanga viti vya msiba, pitisheni mkono nyuma ya kila kimoja mtafute utepe wa harusi ya jana. Utepe mwekundu ukibaki kwenye kiti cha mjane, hakuna atakayekusema, lakini utauona siku nzima.

Sasa niseme habari ya Ndera, ambayo Claver anaisimulia kila akipata mtu mpya. Anaiongezea chumvi. Mimi nitaiandika ilivyokuwa.

Ulikuwa msiba wangu wa kwanza. Mzee mmoja mfanyabiashara alikuwa amefariki, nasi tulifunga hema nyumbani kwake, huko Ndera. Mnajua desturi. Watu wakitoka makaburini hukusanyika mahali pamoja wakanawa mikono, na shughuli nzima inaitwa hivyo, gukaraba, yaani kunawa. Wananawa, wanaketi, wanapewa kinywaji, wanasikia habari za marehemu na maneno ya mchungaji. Yote kwa utulivu. Mimi sikujua. Kwetu msiba unausikia kabla hujauona. Mtu akiingia bila kulia, macho yanamgeukia. Huyu amefurahi? Huyu ndiye aliyemroga?

Basi nilikuwa na viti kichwani, nikaona watu wanaingia na nguo zao nzuri, wanapanga mstari kwenye beseni, hakuna hata mmoja anayelia. Nikaona haya kwa ajili yao, na hofu kwa ajili yangu. Nikatua viti. Nikajitupa kwenye udongo, nikalia. Sauti ile ambayo Bibi aliitafuta miaka yote ilitoka siku hiyo. Nikaita, "Mzee wangu! Umeniacha na nani?" Nikapiga ardhi kwa mikono, kama inavyotakiwa.

Mstari wote ukanigeukia. Halafu mwanamke mmoja akauliza, "Uyu ni nde?" Huyu ni nani? Kinyarwanda changu kilikuwa kidogo, lakini hilo nililielewa.

Marehemu, kumbe, alikuwa amesafiri Kongo miaka mingi kununua vitenge. Mimi sikulijua hilo. Familia yake ililijua vizuri. Nikainuliwa kwa heshima kubwa, nikafutwa vumbi, nikawekwa kiti cha mbele pamoja na watoto wa marehemu, nikapewa fanta. Mzee mmoja, ndugu yake marehemu, akaniinamia.

"Kijana, wewe iko mtoto wa nani?"

Kwikwi zilikuwa bado zinanitikisa.

"Mama yako iko wapi? Bukavu ao Uvira?"

"Uvira," nikasema.

"Yebabawe!" akasema yule mzee, akashika kichwa.

Mjane alisogea karibu. Alinitazama masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayepima kitambaa.

Claver alikuwa nyuma ya hema, ameuma kamba asicheke. Mzee Saidi ndiye aliyekuja. Mnajua kwamba yeye ni Mwislamu wa Nyamirambo, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake ni cha watu wazima. Alivua kofia akaishika kifuani.

"Wazee wangu, poleni sana. Huyu si mtoto wa marehemu. Huyu ni mtoto wa viti."

"Mtoto wa viti analia namna hii?"

"Ni Mkongomani. Kwao ndivyo wanavyotoa pole."

"Lakini masikio," akasema mjane.

"Masikio ni ya kwao, mama. Ameingia kazini wiki hii. Nakuapia."

Nilirudisha fanta. Ilikuwa nusu.

Kwenye lori, wakati wa kurudi, Claver alisema, "Sha, ungekaza kidogo tu ungerithi shamba!" Kisha, aliponiona sicheki, akaniambia kwa upole methali ya kwao, kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Nilitamani kushuka nirudi Uvira kwa miguu. Niliapa moyoni kwamba sitafungua tena mdomo mbele ya watu waliokusanyika.

Tulipofika stoo Mzee Saidi aliwaacha wengine washushe viti, akaniita bombani.

"Ulimlilia nani?"

"Yule mzee."

"Yule mzee humjui. Nakuuliza, ulimlilia nani?"

Nikasema, "Bibi yangu."

Nikamweleza habari ya simu na barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua birika lake la plastiki, lile analotawadhia, akalijaza maji. "Kaburi lake hatulijui liko upande gani," akasema. "Lakini leo umetoka kuzika. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akanimiminia maji, polepole, mpaka udongo wa Ndera ukatoka wote. Alijaza birika upya, akatawadha, akaenda kuswali nyuma ya marobota ya turubai.

Siku hiyo, kabla ya kulala, nilisali. Nilisema tu, "Mungu, ni mimi, Heri." Nilisema bila sauti. Lakini nilisema, na sijaacha mpaka leo. Watu wakiniuliza niliokoka katika mkutano gani, sijui niwajibu nini. Ilikuwa kwenye bomba la stoo, na aliyenishikia maji ni Mwislamu.

Tangu hapo kazi yangu ikawa maji. Mzee Saidi alisema mtu mwenye haya anafaa kwenye beseni, kwa sababu hatazami watu usoni. Mkaanza kuniita Heri wa Maji, na jina nililipenda kuliko lile la Mtoto wa Ndera alilonipa Claver. Alinifundisha kumimina. Birika lisiwe juu, maji yakirukia viatu vya mfiwa umeharibu. Usimwage kama unayezima moto. Anzia kiganja, ngoja mtu mwenyewe ageuze mkono. Usimharakishe, hata mstari ukiwa mrefu. Wengine pale kwenye beseni ndipo wanaposhtuka kwamba wametoka kuzika kweli. Mtu kama huyo atasimama tu na mikono imenyooka. Endelea kumimina. Akisema kitu, itika. Asiposema, usiseme.

Nilizoea mikono. Nilimjua aliyechimba kaburi, nilimjua aliyeshika tu shada la maua. Wengine waliniambia mambo wakiwa wameinama, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hawakuwaambia ndugu zao waliokuwa nyuma yao. Mimi nilijibu "Ndiyo, mama," au "Pole, baba." Nilidhani hiyo si kazi ya kuzungumza.

Na nikiwa nimesimama na birika nilisikia mahubiri. Nadhani mimi ni Mkristo niliyesikia mahubiri ya waliokufa kuliko ya walio hai. Naweza kuwaambia kwamba wahubiri wengi ni warefu, na kwamba mfiwa anakumbuka neno moja. Siku moja huko Gahanga alihubiri Mchungaji Aroni, ambaye alikulia Tanzania, akawa anachanganya Kinyarwanda na Kiswahili kwa ajili ya wageni. Alisema kwamba Bwana naye alifika kwenye kaburi la rafiki yake akalia, tena mbele ya watu, na wale watu wakasemezana juu yake. Nikasahau kumimina. Nilikuwa nimesoma habari hiyo utotoni, lakini sikuwahi kuona kwamba Bwana alitazamwa kama mimi nilivyotazamwa Ndera.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwake, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Baadaye nikabatizwa. Kwao anayebatizwa lazima akiri kwa sauti. Mimi nilinong'ona. Mchungaji akainama, akategea sikio, kisha akawatangazia watu, "Anasema ndiyo."

Sasa nifike kwa Mama Neema.

Alikuwa mgeni wa kutoka upande wetu wa ziwa, amehamia Gahanga na mume wake hivi karibuni. Mume akaugua, akafa. Majirani walifanya yote. Walichanga, walipika, walimbeba marehemu, walikodi hema kwetu. Mchungaji Aroni alizika. Mama Neema alitembea katikati yao ameukaza uso, na alipofika kwenye beseni alinyoosha mikono akabaki hivyo. Nilimimina. Maji ya birika yakaisha, nikajaza lingine. Mstari ulisimama nyuma yake, hakuna aliyemsukuma.

Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu, "Mtoto, hapa watu wanalia namna gani?"

Mzee Saidi alinifundisha kuitika. Hakunifundisha kujibu swali kama hilo. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imekunja vidole kama inayoshikilia kamba.

Nikamwambia, "Wanalia ndani, mama. Lakini ukilia kwa sauti hawatakufukuza. Mimi nililia msiba wa mtu nisiyemjua, wakanipa fanta, wakadhani mimi ni mtoto wake wa Kongo. Mjane akanipima masikio."

Aliinua uso akanitazama. Kisha akacheka. Kicheko kifupi, cha kushtuka, mbele ya watu wote. Na kicheko kilipokuwa kinaisha, kilio kikaingia humo humo, kikatoka chote. Alijitupa chini kama mtu wa kwetu. Alimwita mumewe kwa majina yake yote, akamwuliza amemwachia nani.

Nilidhani nimeharibu msiba wa pili. Lakini wanawake majirani, wale wa kulia ndani, walikuja wakakaa kwenye udongo pamoja naye, na kanga zao nzuri. Mmoja alimshika kichwa. Walisema, "Mwihangane, mwihangane," yaani vumilieni, na baadhi yao nikaona machozi yanaenda nje, si tumboni.

Kwenye lori Mzee Saidi aliniuliza, "Umemwambia nini?" Nikamweleza. Tulipofika Sonatubes akasema, "Sisi tunakodisha viti. Hiyo ya leo haimo kwenye bei."

Mchungaji Aroni naye aliuliza. Baada ya hapo akawa ananichukua tumtembelee Mama Neema Jumapili mchana. Mimi nilisoma Maandiko kwa kidole, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo ninavyosoma. Mama Neema hakuwa na haraka. Alisema wasomaji wa haraka wanamwacha nyuma. Wakaja wengine waliosikia kwamba pale panasaliwa Kiswahili. Mafundi ujenzi wa zile nyumba mpya, mama mmoja wa Bujumbura anayeuza mkaa, dada wawili wa kutoka Bukavu. Chumba kikajaa, tukahamia nje.

Ndipo Mchungaji aliponiambia kanisa limekaa na kuamua. Linataka ibada ya Kiswahili kila Jumapili mchana, na linataka mimi niiongoze, halafu niende chuo cha Biblia nisomee kazi hiyo.

"Mimi siwezi kusimama mbele," nikasema.

"Nimeona ukisimama."

"Nilisimama na birika."

"Heri, sikuiti mimi tu. Wale watu wamekutaja."

Nikakataa. Nilisema nina shule ya msingi tu, na kwamba sauti yangu haifiki benchi la pili. Kisha nikakimbia. Sikupanda merikebu kama nabii yule. Nilimwomba Mzee Saidi anipange kazi za Jumapili upande wa Ndera.

Alinipanga mara chache, kisha akaniita bombani. "Tangu lini unaipenda Ndera? Kule masikio yako wanayakumbuka."

Nikamweleza kila kitu. Niliogopa pia angekasirika, maana nikienda chuo nampotezea mtu wa maji. Hakukasirika.

"Unaogopa nini hasa?"

"Watu wengi kwa pamoja."

"Umewahi kunawisha watu wengi kwa pamoja?"

"Hapana. Mmoja mmoja."

"Basi," akasema, akaenda kuswali.

Nilikaa na lile "basi" wiki nzima, nikaliombea. Jumapili ya kwanza ya ibada ile nilifika mapema kuliko wote. Nilipanga viti, nikaweka mawe chini ya miguu yake. Kisha nikaweka beseni mlangoni, nikashika birika. Wa kwanza kufika alikuwa fundi ujenzi. Aliona beseni akarudi nyuma.

"Nani amekufa?"

Mama Neema alikuwa nyuma yake. "Hakuna aliyekufa. Huyu mtoto hawezi kusema na mtu kabla hajaona mikono yake. Nyoosha, baba, usitucheleweshe."

Wakanawa wote, mmoja mmoja. Fundi alikuwa na saruji kwenye kucha. Mama wa mkaa alisema nisijisumbue, mikono yake haitakati, nikamiminia tu. Nilipokwenda mbele na kugeuka, nilikuta hakuna pale mtu nisiyemjua. Ilikuwa mikono ileile, imekaa mapajani. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Siku moja nilimlilia mzee nisiyemjua."

Mtu wa nyuma akacheka. Ndivyo nilivyojua kwamba sauti imefika.

Nikawasimulia yote, na fanta, na masikio, na bomba la stoo. Kisha nikawasomea kwa kidole habari ya Bwana kaburini kwa rafiki yake. Nilichukua muda mrefu kwenye mistari michache. Hakuna aliyeondoka.

Sasa naondoka mimi. Chuo kinafungua karibuni, na Jumapili nitarudi Gahanga kwa ibada. Hofu haijaisha. Kila Jumapili inanisubiri mlangoni, nami nainawisha mikono kwanza.

Jana, mliposhusha hema la harusi, Mzee Saidi alinipa birika lake. Alisema yeye atanunua jipya. Nikalijaza pale bombani, nikamwambia anyooshe mikono. Miaka yote hii sikuwahi kumnawisha.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mzee."

Akatazama upande, akanyoosha.

Basi nawaomba mniandikie, barua hii isiwe yangu peke yangu. Mniambie nani mmemweka kwenye maji, na kama anamimina polepole. Mniambie mambo mnayoambiwa kwenye beseni, yale yanayosemeka. Claver naye aandike, hata kama ni kunicheka. Mwandiko ukiwa mbaya msijali, nitausoma kwa kidole. Mkikosa nafasi ya kuandika, njooni Gahanga Jumapili mchana. Njooni na viti, vyetu havitoshi.

Ni mimi Heri, mtoto wa viti.